"Nipandishe volti hadi ngapi?" Kinachotokea unapogusa umeme wa RAM kwenye BIOS

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Sinza, anayehariri video za harusi, aliniletea kompyuta yake kwa bodaboda, kaikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Kabla hajakaa akauliza: "Kaka, hii nimeipandisha volti lakini bado nzito. Nipandishe hadi ngapi?"

Swali hilo nalisikia sana siku hizi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu zao kwenye vituo vikubwa vya data vya akili mnemba, kwenye pesa nene. Mtu aliyezoea kushuka Kariakoo na kurudi na RAM mpya sasa anauliza bei, anashukuru, anaondoka. Akifika nyumbani anaanza kukamua ile aliyonayo. Na kwenye magrupu ya WhatsApp hakosekani mtaalamu wa kumwambia kwa sauti ya kujiamini: ingia BIOS, ongeza volti, mashine itapaa.

Haipai. Ila ili kuelewa kwa nini, tuanze chini kabisa.

RAM ni kumbukumbu ya muda. Video unayoikata, kurasa ulizofungua, wimbo unaopiga, vyote vimo humo mpaka uzime mashine. BIOS ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inayoamka kabla ya Windows na kuviamsha vifaa vingine kimoja kimoja. Mashine za leo zina mrithi wake aitwaye UEFI, lakini mtaani tumebaki na BIOS, nami nitabaki nalo. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Kwa hiyo ukiingia BIOS ukakuta mstari ulioandikwa "DRAM Voltage", hapo ndipo unapochagua umeme uingie kwenye RAM kwa msukumo gani.

Umeme huo unatoka wapi? Kwenye soketi ya ukutani unaanza na volti 230. Pawa saplai inaushusha hadi 12, 5 na 3.3. Kisha madabodi inashusha tena ule wa 12 hadi kiwango ambacho RAM inakitaka, ambacho kwa DDR4, yaani RAM ya kizazi cha nne, ni volti 1.2. Kwa DDR5, kizazi cha tano, hatua ya mwisho imehamia kwenye RAM yenyewe: inapokea volti 5 na ina kifaa chake kidogo cha kuzishusha hadi 1.1. Unapobadilisha namba kwenye BIOS unakiamuru kifaa hicho cha mwisho, basi. Huko nyuma hakuna kilichobadilika.

Hapo tayari uzushi mmoja unakufa. Wapo wanaoamini kwamba mtaa wao ukiwa na umeme mdogo, taa zikawaka kama koroboi, dawa ni kuongeza volti ya RAM ili kufidia. Pawa saplai nyingi za kisasa hukubali umeme wa kuanzia volti 100 hadi 240, na zinachotoa upande wa pili hakiyumbi ovyo. Umeme ukishuka kuliko uwezo wake, mashine yote inazima. Haitokei kwamba RAM ikapewa 1.1 badala ya 1.2 eti kwa sababu jirani kawasha pasi. Tatizo la umeme wa mtaani linatibiwa kwa stabilaiza au UPS.

Sasa tuingie ndani ya chipu, maana utamu wenyewe uko huko.

RAM ya GB 8 ina vikopo zaidi ya bilioni 60. Nasema vikopo kwa kuwa ndivyo vinavyofanya kazi: kila kimoja ni kihifadhi kidogo sana cha chaji ya umeme, na kina koki yake. Kikijaa kinasomeka 1, kikiwa kitupu kinasomeka 0. Picha yako ya bibi harusi na sauti ya MC, vyote ni mpangilio wa vikopo vilivyojaa na vilivyo tupu. Na vikopo hivi vinavuja. Vyote. Ndiyo maana kwa kawaida kila kimoja lazima kisomwe na kujazwa upya ndani ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde, hata kama wewe umeenda kunywa chai.

Sasa fikiria kioski cha maji Mbagala siku ambayo bomba za majumbani zimekauka. Foleni ya ndoo, tenki juu ya mnara, koki moja. Muuzaji anataka kuhudumia watu wengi zaidi kwa saa, kwa hiyo anaipa kila ndoo sekunde chache kuliko jana. Presha ikiwa ileile, ndoo zitaanza kuondoka nusunusu. Ukisimama mbali ukaulizwa ndoo ile imejaa au tupu, utasita. RAM ikisita hivyo ndipo 1 inaposomeka 0, na mashine inaganda, inajizima na kujiwasha, au inatoa skrini ya bluu.

Muuzaji ana njia mbili. Apunguze haraka ya foleni, au anyanyue tenki ili maji yashuke kwa nguvu na ndoo ijae ndani ya zile sekunde chache. Kunyanyua tenki ndiko kuongeza volti. Haraka ya foleni ndiyo kasi ya RAM, ile namba ya 2400, 3200 au 6000 unayoiona kwenye stika.

Tazama sasa alichofanya yule kijana. Alinyanyua tenki akaiacha foleni ilivyokuwa. Ndoo zikawa zinajaa mapema, kisha zinakaa zikisubiri zamu iishe. Hakuna mteja hata mmoja aliyeongezeka. Volti haina kasi ndani yake. Inachofanya ni kuiruhusu kasi ambayo wewe, au madabodi, umeichagua kwingine.

Kwingine huko ni wapi?

Kuna chombo cha kimataifa kiitwacho JEDEC kinachoweka viwango ambavyo watengenezaji wa RAM wanavifuata. DDR2 ilipangiwa volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1. Msukumo unapungua kila kizazi huku kasi ikipanda, jambo linalowachanganya walioambiwa kwamba volti ndogo ni udhaifu. Vikopo na koki zake vimekuwa vidogo, kuta zake nyembamba, haviuhitaji wala havistahimili msukumo wa zamani. Ukuta wa matofali na ukuta wa makuti havipigwi kwa nyundo moja.

Watengenezaji wa RAM nao wanajua kwamba chipu zao nyingi zinaweza kukimbia kuliko kiwango cha JEDEC zikipewa msukumo zaidi kidogo. Kwa hiyo wanazipima kiwandani, kisha wanaandika matokeo kwenye chipu ndogo iliyobandikwa kwenye RAM yenyewe: kasi hii, mpangilio huu wa muda, volti hii. Utaratibu huo Intel, kampuni ya prosesa, yaani bongo za kompyuta, iliuanzisha 2007 kwa jina la XMP. AMD, washindani wao, walileta wa kwao, EXPO, mwaka 2022 pamoja na prosesa zao za DDR5. Ukiiona RAM ya DDR4 imeandikwa 3200 na 1.35V, maana yake mtengenezaji anasema: nimeijaribu kwa kasi hiyo na volti hiyo, pamoja.

Lakini ukiichomeka tu, haianzi na 3200. Inaanza na kiwango salama cha JEDEC, mara nyingi 2133 au 2400, kwa volti 1.2. Itabaki hapo miaka yote mpaka mtu aingie BIOS na kuwasha XMP. Nimekutana na mashine za miaka minne ambazo mwenyewe alilipia 3200 na hajawahi kuionja hata siku moja. Ukiwasha XMP, kasi inapanda na volti inapanda nayo bila wewe kuandika namba yoyote. Kwa watu tisa kati ya kumi ninaowahudumia, safari yao ya BIOS ingeishia hapo.

Wapo ambao hawana hata cha kuwasha. RAM nyingi za kawaida za DDR4, zile za kijani zisizo na bati, zina 3200 ya JEDEC yenyewe kwa volti 1.2. Hizo ziko kwenye kasi yake tayari kama prosesa na madabodi vinaikubali. Na kompyuta za ofisini zinazokuja mtumba, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, ukurasa wa volti ya RAM hutaukuta kabisa kwenye BIOS yake. Usimlaumu fundi kwamba kakuficha.

Nidokeze na hili kwa sababu limewagombanisha wateja na wauzaji. Ukifungua programu ya CPU-Z ukaona RAM yako ya 3200 inasomeka 1600, hujapigwa. Herufi za DDR zinamaanisha data inapita mara mbili kwa kila pigo la saa. Programu hiyo inahesabu mapigo, stika inahesabu safari. Zidisha kwa mbili. Ukizidisha ukapata 2133, basi XMP imezimwa. Rudi kwanza BIOS kabla ya kurudi dukani na hasira.

Joto letu nalo

Wanaoandika kuhusu mambo haya kutoka nchi za baridi hawana habari na chumba cha Tandika mwezi Februari, bati juu, feni inazungusha hewa ileile.

Umeme unaotumika ndani ya chipu, na kwa hiyo joto linalotoka, unapanda kwa mraba wa volti. Kutoka 1.2 hadi 1.35 inaonekana kama senti chache, lakini kwa hesabu ya karatasini ni joto la asilimia 27 zaidi kwa kasi ileile. Kijana wa Sinza alikuwa amefika 1.45. Hiyo ni asilimia 46 zaidi, na kasi yake bado ilikuwa 2133. Alikuwa analipia joto la bure.

Na joto lina ubaya wake wa pili: vikopo vinavuja haraka zaidi vikipata moto. Ndiyo maana chipu ikivuka nyuzi 85 za Selsiasi, viwango vinataka ijazwe upya kila milisekunde 32 badala ya 64. Kwa hiyo mtu anaongeza volti ili RAM itulie, volti inaleta joto, joto linaivujisha RAM, RAM inayumba, naye anaongeza tena. Ukiona mashine inafanya kazi vizuri alfajiri na kuanza kuganda saa tisa mchana, shuku joto kwanza. Futa vumbi, angalia feni, isogeze kesi mbali na ukuta. Kisha fikiria kupunguza volti, siyo kuongeza.

Je, RAM inaweza kuungua? Inaweza. Kwa DDR4, JEDEC inaweka volti 1.5 kama ukomo ambao chipu haitakiwi kuuvuka. Ziko RAM teule zinazouzwa na wasifu, yale maandishi ya kiwandani ya XMP au EXPO, wa juu kuliko 1.35, na mtengenezaji amezichagua kwa kazi hiyo. Kama stika yako haisemi hivyo, mimi binafsi sivuki 1.4, tena kwa sababu maalumu.

Kinachosahaulika ni kwamba RAM haiko peke yake. Prosesa ndiyo inayozungumza nayo, na sehemu ya prosesa inayofanya mazungumzo hayo ina volti yake. Aprili 2023 wenye prosesa za AMD Ryzen 7000X3D walianza kuonyesha picha za prosesa zilizoungua hadi soketi. Ilikuja kufahamika kwamba kwenye baadhi ya madabodi, ukiwasha wasifu wa RAM, bodi ilikuwa inapandisha mno volti ya sehemu hiyo ya prosesa, inayoandikwa "SoC". AMD wakatoa marekebisho ya BIOS yanayoizuia isivuke 1.3. Kwa hiyo mwenye bodi ya kizazi hicho ambaye hajawahi kusasisha BIOS, aisasishe kwanza, ndipo awashe EXPO. Ajue pia kwamba Intel na AMD wote wanahesabu XMP na EXPO kuwa ni kuendesha prosesa nje ya vipimo vyao, na masharti ya garantii yanasema hivyo. Kwa mashine ya mtumba isiyo na garantii huo ni umbea tu.

Mkanganyiko mwingine wa volti uko kwenye laptopu za mtumba, na huu unakula pesa za watu. Laptopu za Intel kizazi cha 4, kwa mfano HP EliteBook 840 G1, zinatumia DDR3L, ambayo ni DDR3 ya volti 1.35. DDR3 ya kawaida ni volti 1.5. Kwa umbo zinafanana kila kitu, hata mkato wa chini uko mahali pamoja, kwa hiyo RAM isiyo yake inaingia vizuri kabisa, kisha laptopu inakataa kuwaka. Mtu anaambiwa madabodi imekufa. Soma stika: PC3L ni ya volti ndogo, PC3 tupu ni ya 1.5. Ile ya L nyingi zinafanya kazi pande zote mbili, hivyo ukiwa na shaka chukua hiyo.

Ukiamua kugusa

Piga picha kwa simu kila ukurasa wa BIOS kabla ya kubadilisha chochote. Hakuna aibu, nami hufanya hivyo. Fungua kesi usome stika ya RAM, usitegemee kumbukumbu wala maneno ya muuzaji. Washa mashine huku ukigonga Del au F2, washa XMP au EXPO, hifadhi kwa F10. Kwa DDR5 usishtuke skrini ikibaki nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza, mashine inajifunza RAM yake. Wengi huchomoa waya hapo wakidhani wameua.

Watu huniuliza pia: umeme ukikatika wakati nimo BIOS je? Kubadilisha namba na kusasisha BIOS ni vitu viwili. Umeme ukikatika wakati wa kusasisha unaweza kuiua bodi, ndiyo maana kazi hiyo inafanywa kwa UPS. Ukikatika wakati unabadilisha volti, unawasha upya na kuanza tena.

Mashine ikigoma kuwaka baada ya mabadiliko, bodi nyingi hujaribu mara kadhaa kisha zinarudi zenyewe kwenye viwango vya kiwandani. Isiporudi, chomoa waya, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, rudisha. Kila kitu kinaanza upya. Betri hiyohiyo ikichoka, kila umeme ukikatika tarehe itarudi miaka ya nyuma na XMP itajizima, na utadhani mashine ina mashetani. Mpya utaipata hata kwa fundi saa.

Kisha pima. MemTest86, programu ya kupima RAM, ni ya bure, inawekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Iache usiku mzima, ila hakikisha LUKU ina yuniti. Kosa moja tu linatosha kusema mpangilio huo haufai. Hapo ndipo kuongeza volti kunapopata maana: hatua ndogo ya 0.01 au 0.02, ndani ya mpaka wa stika, halafu unapima tena. Au punguza kasi hatua moja. Wanaoruka kipimo ndio wanaorudi baada ya wiki wakiwa wamepigiwa Windows upya mara tatu, wasijue kwamba ni RAM inayoharibu mafaili, na itaharibu Windows ya nne pia.

Turudi kwa kijana. Nilirudisha volti kwenye "Auto", nikawasha XMP: 3200 kwa 1.35. Usiku MemTest86 ikatoa makosa mawili. Kufungua, kumbe RAM zake mbili hazikununuliwa pamoja: moja ina chipu za kiwanda hiki, nyingine cha kile. Nikashusha hadi 2933 nikaacha 1.35. Usiku wa pili, safi.

"Kwa hiyo nimepoteza 267?" akauliza, hesabu kaifanya haraka kuliko mimi.

Nikamwambia aweke ile video ya harusi ya Kigamboni iliyokuwa inamgandia. Ilitoka mpaka mwisho bila kusita. Akaangalia saa, akaniomba kipande cha plasta na kalamu, akabandika juu ya kesi: 2933, 1.35, USIGUSE.